Alama Nane za Kuiamsha Meinfremu: Jinsi ya Kufuata Vigezo vya IPL Hatua kwa Hatua

Meinfremu, ile kompyuta kubwa ya mabenki na mashirika, ikiwashwa haijui jina lake, haijui diski zake zimepangwaje, wala haijui kama iko Kisumu au Toronto. Opereta anaipa vitu viwili tu. Cha kwanza ni namba ya kifaa cha kupakia, yaani diski itakayosomwa kwanza. Cha pili ni kamba ya alama nane iitwayo LOADPARM. Ni kama mgeni aliyeshuka stendi kuu ya mabasi usiku na kikaratasi chenye anwani moja: atakayemkuta hapo ndiye atakayemwelekeza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, hadi afike.

Miongozo mingi huanza kwa kumwaga orodha ya vigezo vyote, na vigezo viko vingi mno. Naona huko ni kuanzia mkiani. Vigezo utavitafuta kwenye kitabu siku ukivihitaji. Kinachokuokoa saa nane za usiku, mashine imeganda na simu inalia, ni kujua nani anamwelekeza nani. Kwa hiyo hapa tutaufuata mnyororo wenyewe, tukianzia kwa mfumo wa zamani unaoendeshwa kwenye laptopu, kisha tuje kwa z/OS, mfumo endeshi wa IBM wa leo.

Hatua ya 1: Pata mashine ya kujifunzia

Ukiwa Kondele, Maseno, Kakamega au Nakuru huna haja ya kumngoja mtu akufungulie chumba cha seva. Kuna programu iitwayo Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inayoigiza mashine za ukoo wa System/360 hadi z/Architecture ndani ya kompyuta ya kawaida. Juu yake unaendesha MVS 3.8j, mfumo endeshi wa IBM wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambao husambazwa bure. Tafuta kifurushi kilichokwisha kupangwa kiitwacho TK4-, au ndugu yake mdogo TK5. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itakibeba bila kuhema. Pakua pia programu ya terminali ya 3270, yaani skrini ya kuongea na meinfremu: x3270 kwa Linux, wc3270 kwa Windows.

Neno moja kuhusu z/OS yenyewe. Hiyo ni mali ya IBM na ina leseni. Ukiletewa nakala kwenye flashi na mtu anayekuambia "hii ni sawa tu, kila mtu anatumia", mrudishie flashi yake. Ukitaka kugusa z/OS halali bila kulipa, jiandikishe kwenye IBM Z Xplore, ambako wanaojifunza hupewa akaunti kwenye mashine halisi. Huko hutapewa mamlaka ya kufanya IPL, yaani kuupakia mfumo mashine ikiwashwa, na ni haki yao. Ndiyo maana Hercules bado ina kazi: humo wewe ndiye opereta, ndiwe mkuu wa zamu, na ukiharibu unaharibu chako.

Kabla ya yote, nakili folda nzima ya TK4- mahali pengine. Stima ikipotea katikati ya kazi, na huku kwetu itapotea, utakuwa na pa kurudia.

Hatua ya 2: Fanya IPL na uangalie bila kugusa

IPL ni kile ambacho watu wa kompyuta ndogo huita kubuti. Anzisha kifurushi kwa skripti ya mvs, au mvs.bat ukiwa Windows, na utazame mistari ikipita. Mahali fulani humo kuna amri hii:

    ipl 148

Namba 148 ni ya kifaa, imeandikwa kwa heksadesimali. Kwenye TK4- hiyo ndiyo diski ya mfumo. Mashine inasoma rekodi ndogo iliyo mwanzo kabisa wa diski, silinda 0 traki 0. Programu iliyo pale ni fupi sana. Kazi yake ni kwenda kutafuta kiini cha mfumo, memba iitwayo IEANUC01 ndani ya dataseti SYS1.NUCLEUS (dataseti ni faili la meinfremu, memba ni faili dogo ndani yake), na kukipakia kwenye kumbukumbu. Kiini kikishaingia, programu iitwayo NIP inashika usukani. NIP ndiyo inayosoma vigezo.

Kwenye MVS 3.8j orodha ya vifaa vyote imechomekwa ndani ya kiini chenyewe wakati mfumo ulipotengenezwa. Ukitaka kuongeza aina mpya ya diski, unajenga kiini upya. Shika hilo kichwani, kwa sababu tukifika z/OS tutaona waliitoa orodha hiyo nje ya kiini, na hapo ndipo hizo alama nane zilipopata uzito wake.

Hatua ya 3: Jibu IEA101A

NIP ikiwa tayari inauliza swali moja kwenye konsoli:

    IEA101A SPECIFY SYSTEM PARAMETERS FOR RELEASE 03.8 .VS2

Hapa ndipo binadamu anapoingia. Vifurushi kama TK4- vina skripti inayojibu kwa niaba yako, hivyo swali linaweza kupita kabla hujalisoma. Pekua folda ya scripts uone jibu lililoandikwa humo. Ni zoezi zuri peke yake. Ukitaka kujibu mwenyewe kwa konsoli ya Hercules, mkwaju unatangulia amri:

    /r 0,clpa

Herufi r ni ya kujibu, 0 ni namba ya swali, na kinachofuata koma ni kigezo chako. CLPA inaambia mfumo ulijenge upya lile eneo la kumbukumbu linalohifadhi programu zinazotumiwa na wote. Ukijibu CVIO badala yake, eneo lile linabaki kama lilivyokuwa, ila dataseti za muda zilizokuwa kwenye kumbukumbu pepe zinafutwa. Usipotaja lolote kati ya hayo, mfumo unajaribu kuendelea na vyote vilivyobaki kutoka mara iliyopita. Kwa Kiswahili cha kazini: CLPA ni kuanza baridi, CVIO ni kuanza haraka, kimya ni kuanza moto. Ukibadilisha programu yoyote inayokaa kwenye eneo lile la pamoja, CLPA ni lazima, la sivyo utaendelea kuendesha toleo la jana na kushangaa mbona marekebisho yako hayaonekani.

Sasa tahadhari, na hii uiandike kwa kalamu nyekundu. Dakika chache baadaye JES2, msimamizi wa foleni za kazi, naye anauliza lake:

    $HASP426 SPECIFY OPTIONS - HASP-II, VERSION JES2 4.1

Ukijibu COLD hapo, unafuta kazi zote zilizokuwa kwenye spuli, yaani ghala la foleni kwenye diski: zilizongoja, zilizokwisha, na matokeo ambayo hayajachapishwa. "Baridi" ya NIP na "baridi" ya JES2 hazihusiani hata kidogo. Ya kwanza ni usafi wa kawaida ambao vituo vingi vya kompyuta hufanya kila IPL. Ya pili ni kuchoma shamba. Jibu la kila siku kwa JES2 ni:

    /r 0,warm,noreq

Angalia namba ya swali kabla ya kujibu. Kama konsoli imeandika 01, wewe nawe jibu 01.

Hatua ya 4: Soma IEASYS00 kwa macho yako

Ingia TSO, huduma ya kufanyia kazi kwa terminali, kwa jina HERC01, nenosiri CUL8TR, fungua kihariri RFE kwenye menyu, kisha tazama dataseti SYS1.PARMLIB. Ndani yake kuna memba nyingi ndogo. Fungua IEASYS00. Hiyo husomwa kila mara, uitaje usiitaje.

Utaona mistari ya umbo hili:

    CMD=00,
    LNK=00,
    SMF=00,
    OPI=YES,

Karibu kila mstari ni kidole kinachoonyesha kwingine. CMD=00 inasema amri za kutolewa mfumo ukiamka ziko kwenye memba COMMND00. LNK=00 inasema orodha ya maktaba za programu iko LNKLST00. Jina la memba ni shina pamoja na alama mbili za mwisho, na IEASYS00 inataja hizo mbili tu. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya maktaba nzima.

OPI=YES inamruhusu opereta kubadilisha vigezo kwa jibu lake. Ukiandika OPI=NO, chochote atakachoandika kwa vigezo husika kitapuuzwa. Wakuu wengine hupenda kuufunga mlango huo. Binafsi naona ni hatari, kwa sababu siku memba ikiharibika, opereta ndiye kinga yako ya mwisho, na umemfunga mikono.

Halafu koma. Kila mstari unaishia kwa koma isipokuwa wa mwisho. Mstari wa kwanza usio na koma ndio mfumo unauchukulia kuwa mwisho wa memba. Vilivyo chini yake havisomwi. Hakuna kelele wala ujumbe mwekundu. Mwanafunzi anakuja kulalamika: "Mwalimu, nimeweka kigezo changu pale chini kabisa na hakifanyi kazi." Usimjibu. Mwambie apandishe macho mstari mmoja juu ya alichoongeza. Alipoongeza mstari wake alisahau kwamba ule uliokuwa wa mwisho hauna koma.

Zoezi: nakili IEASYS00 iwe IEASYSKS, ubakize humo kigezo kimoja tu unachotaka kijaribiwe, kisha kwenye IPL ijayo ujibu:

    /r 0,sysp=ks

Mfumo utasoma IEASYS00 kwanza, kisha IEASYSKS juu yake. Ukikosea jina, utaona IEA301I ikikwambia memba haipo kwenye maktaba. Asili hukuigusa, kwa hiyo kurudi nyuma ni kufanya IPL nyingine bila kutaja SYSP.

Hatua ya 5: Zipasue alama nane za LOADPARM

Sasa z/OS. Hapa orodha ya vifaa haimo tena ndani ya kiini. Imo kwenye dataseti ya pekee iitwayo IODF. Basi kabla mfumo haujajua kifaa chochote, lazima uambiwe IODF iko kwenye diski ipi. Ndiyo kazi ya kwanza ya LOADPARM.

Kwenye dirisha la kupakia la konsoli ya mashine, HMC, opereta anajaza namba ya kifaa, tuseme 1A3F, kisha LOADPARM. Chukua hii:

    1A40KSM1

Igawanye hivi. Alama nne za kwanza, 1A40, ni namba ya diski yenye IODF. Mbili zinazofuata, KS, ni mkia wa memba LOADxx, kwa hiyo mfumo utatafuta LOADKS. Ya saba, M, inaamua ni ujumbe upi uonyeshwe na maswali yapi yaulizwe. Ya nane, 1, inachagua kiini, yaani IEANUC01.

Nafasi iliyoachwa wazi nayo ina maana. Nne za kwanza zikiwa tupu, IODF inatafutwa kwenye diski ile ile iliyopakiwa. Mkia ukiwa mtupu, ni LOAD00. Kiini kikiachwa, ni IEANUC01.

Alama ya saba ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo rafiki yako siku mbaya. Nukta au nafasi tupu ni kimya: ujumbe mwingi unazuiwa na hakuna swali linaloulizwa. M inaonyesha ujumbe lakini haiulizi. S haionyeshi ila inauliza vigezo vya mfumo. T inaonyesha na inauliza vigezo. A inaonyesha na inauliza vyote, hata katalogi kuu, ile orodha ya dataseti ziko diski ipi. Kuna C, D na P pia, zinazohusu zaidi katalogi kuu. Siku za kawaida tumia M, uone kinachoendelea bila kusumbuliwa. Ukishuku kuna memba mbovu ya IEASYS, badilisha M iwe T, herufi moja tu, na IEA101A itarudi kukuuliza kama ilivyokuwa kwenye MVS 3.8j.

Hatua ya 6: LOADxx, ambapo safuwima ni sheria

Mfumo unaitafuta LOADKS kwa utaratibu huu: SYS0.IPLPARM kwenye diski ya IODF, kisha SYS1.IPLPARM, hivyo hivyo hadi SYS9.IPLPARM, zikikosekana, SYS1.PARMLIB iliyo kwenye diski hiyo hiyo. Ikikosekana nayo, SYS1.PARMLIB ya diski iliyopakiwa. Hapo mwisho. Utaratibu huo una mtego: ukihariri LOADKS ndani ya SYS1.PARMLIB wakati nyingine yenye jina hilo imekaa SYS0.IPLPARM, unahariri kitu kisichosomwa.

Ndani yake mambo yako hivi:

    IODF     44 SYS1     KISUMU   00 Y
    SYSCAT   ZCAT01113CCATALOG.KISUMU.MASTER
    IEASYM   KS
    SYSPARM  KS
    PARMLIB  USER.PARMLIB
    PARMLIB  SYS1.PARMLIB

Tofauti na IEASYS, hapa hakuna koma za kukuongoza. Neno kuu linaanza safuwima ya 1, thamani inaanza safuwima ya 10. Kwenye mstari wa IODF, 44 iko safuwima ya 10 na 11, SYS1 inaanza ya 13, jina la usanidi linaanza ya 22, na 00 iko ya 31. Pamoja vinasema: tumia SYS1.IODF44, usanidi KISUMU. Ukisukuma kitu nafasi moja kulia, mfumo unasoma takataka. Washa mstari wa safuwima kwenye kihariri kwa amri COLS kabla hujagusa herufi, na ukimaliza hesabu kwa kidole kwenye skrini. Mashine ya mabilioni ya shilingi inaweza kulala kwa sababu ya nafasi moja tupu, na hakuna atakayekuonea huruma.

Mistari ya PARMLIB inaeleza maktaba za vigezo na mpangilio wake, hadi kumi. Memba ikiwa kwenye mbili, ya juu ndiyo inayoshika. SYS1.PARMLIB, hata usipoitaja, huongezwa mwisho. Mtindo unaofaa ni kuiacha SYS1.PARMLIB ya IBM bila kuigusa na kuweka yako yote juu yake.

LOADxx moja inaweza pia kuhudumia mifumo kadhaa. Ukiweka mstari wa LPARNAME, mistari inayofuata inahusu kizigeu hicho tu, yaani kipande cha mashine kinachoendesha mfumo wake peke yake:

    LPARNAME KSM
    SYSPARM  KS
    LPARNAME NKR
    SYSPARM  NK

Kizigeu KSM kitapata IEASYSKS, NKR kitapata IEASYSNK. Kichujio kinadumu hadi kingine kije, na hapo ndipo watu huteleza: wanaongeza mstari wa wote mwisho wa memba, kumbe umeangukia chini ya NKR. Mistari ya wote iweke juu, kabla ya kichujio cha kwanza.

Hatua ya 7: Nani anamshinda nani

Ngazi ni hizi: IEASYS00 chini kabisa, kisha IEASYSxx kwa mpangilio zilivyotajwa, kisha jibu la opereta juu ya zote. Anayekuja nyuma anamfunika aliyetangulia.

Kufunika huku ni kwa thamani nzima, haijumlishwi. IEASYS00 ikisema CMD=00 na IEASYSKS ikisema CMD=KS, kitakachosomwa ni COMMNDKS peke yake. Amri zote za COMMND00 hazitatolewa. Ukitaka zote mbili, IEASYSKS lazima iseme:

    CMD=(00,KS),

Nusu ya malalamiko ya "jana ilikuwa inaanza yenyewe, leo haianzi" huishia hapa.

IEASYM KS nayo inaita IEASYMKS, ambamo alama za badala hutungwa. Ukishatunga &SYSNAME kuwa KISUMU, memba zilizobaki zinaweza kuandika &SYSNAME na kila mfumo ukajaza jina lake. Alama hizi zinatatuliwa mapema, kabla ya IEASYS kusomwa, kwa hiyo unaweza kuzitumia humo pia. Zitumie kwa kiasi. Nimeona memba zilizojaa alama hadi aliyeziandika mwenyewe anahitaji amri D SYMBOLS kujua zinasema nini.

Hatua ya 8: Weka saa ya Afrika Mashariki

Hii ni fupi, na inafaa kuwa badiliko lako la kwanza la kweli, maana matokeo yake unayaona papo hapo. Kwenye IEASYSKS andika CLOCK=KS, kisha kwenye memba CLOCKKS:

    TIMEZONE E.03.00.00

E ni mashariki ya Greenwich, saa tatu. Kenya haisogezi saa kwa misimu, kwa hiyo ukishaweka umemaliza. Wenzetu wa Ulaya ndio wenye shughuli mara mbili kwa mwaka. Kwenye Hercules, weka TZOFFSET +0300 kwenye faili la usanidi. Kisha usisahau kwamba logi inahesabu saa kizungu: ikiandika 05.12, kwa baba nyumbani ni saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri. Nimewahi kusikia opereta wawili wakibishana kuhusu kazi iliyoanguka "saa tano", kila mmoja na saa tano yake.

Hatua ya 9: Uliza mfumo ulisoma nini

Usiamini unachokumbuka, wala karatasi iliyobandikwa ukutani. Mfumo wa z/OS ukishaamka, toa amri:

    D IPLINFO

Jibu linakuja hivi:

    SYSTEM IPLED AT 05.12.33 ON 03/04/2024
    USED LOADKS IN SYS0.IPLPARM ON 01A40
    IEASYM LIST = KS
    IEASYS LIST = (00,KS)
    IODF DEVICE: ORIGINAL(01A40) CURRENT(01A40)
    IPL DEVICE: ORIGINAL(01A3F) CURRENT(01A3F) VOLUME(ZRES01)

Mnyororo wote umo: diski iliyopakiwa, diski ya IODF, LOADxx gani na ilitoka dataseti ipi, IEASYS zipi na kwa mpangilio gani. Mstari wa pili ndio unaosuluhisha ule mtego wa kuhariri memba isiyosomwa. Ongeza D PARMLIB uone mpangilio wa maktaba, na D SYMBOLS kwa alama za badala. Ukitaka kigezo kimoja, taja jina lake: D IPLINFO,CMD.

Fanya hivi kila baada ya IPL njema, na uhifadhi matokeo. Siku ukifika kazini ukute mambo yamebadilika, utalinganisha mistari badala ya kulinganisha kumbukumbu za watu.

Ukikuta Linux kwenye mashine hizo hizo, njia ni nyingine ila roho ni ile ile. Vigezo vya kerneli viko /etc/zipl.conf, na ukishavibadilisha lazima uendeshe amri zipl, la sivyo rekodi ya mwanzo wa diski inabaki na vya zamani. LOADPARM hapo hutumika kuchagua kwenye menyu: namba inachagua mstari, neno PROMPT linaileta menyu. Kilichosomwa kweli utakiona /proc/cmdline. Kwa z/VM, mfumo unaobeba mifumo mingine ndani yake, faili la kutazama ni SYSTEM CONFIG.

Hatua ya 10: Ikiganda njiani

Mfumo ukishindwa kabla ya konsoli kuwa hai, hauna mdomo wa kukuambia tatizo. Unachopata ni msimbo wa hali ya kungoja, ndani ya PSW, neno la hali ya prosesa, inayoonyeshwa na HMC, au na Hercules kwenye dirisha lake. Uandike kabla ya kufanya lolote, kwa sababu ukipakia tena utapotea. Msimbo 007 unamaanisha hakuna konsoli iliyopatikana: angalia kama terminali imeunganishwa kabla hujalaumu memba. Msimbo 0B1 unahusu IODF: rudia alama nne za kwanza za LOADPARM, kisha mstari wa IODF kwenye LOADxx.

Kanuni ya kutafuta ni kuuliza mnyororo umefika wapi. Hakuna ujumbe wowote? Tatizo liko kwenye namba ya kifaa, LOADPARM au LOADxx. IEA101A imejibiwa kisha mambo yakasimama? Tazama IEASYS na memba zinazotajwa humo. JES2 imeanza lakini huduma zako hazipo? Ni COMMNDxx, au ule mchezo wa CMD kufunikwa.

Na kabla ya kubadilisha chochote kwenye mfumo wa watu, andaa njia ya kurudi. Usihariri LOADKS inayofanya kazi. Nakili iwe LOADK2, nakili IEASYSKS iwe IEASYSK2, ubadilishe hizo mpya, kisha upakie kwa:

    1A40K2T1

Ikikubali, fanya D IPLINFO na uhamishe mabadiliko kwenye jina la kawaida kwa utulivu mchana. Ikikataa, opereta wa zamu ya usiku hahitaji kukuamsha. Anarudisha KSM1 mahali pa K2T1 na kupakia tena, mradi uliiandika LOADPARM ya zamani kwenye daftari la zamu, kwa herufi kubwa, na sifuri ukazikata kistari zisidhaniwe O.